Moto Uliopimwa kwa Megabaiti

Kwa waliokuwa shambani wiki iliyopita na kukosa sehemu ya kwanza, habari ya Pancras Ntakirutimana ni fupi na haimpendezi mwenyewe. Alifukuzwa kazi ya stoo kwenye shirika moja la wakimbizi kwa kosa la mtu mwingine. Akanunua kompyuta kwenye mnada wa shirika hilohilo, akafika nayo nyumbani Kasulo, ndipo akagundua kuwa waya wake umeuzwa kwa mtu wa Ngara mjini. Mwishowe akapata waya, akawa wakala wa forodha pale Rusumo, akavuta intaneti nyumbani ili apokee karatasi za malori, na mkewe Jovitha akaacha kumwita bwana mnada.

Halafu kulikuwa na Véronique.

Véronique alikuwa Mrundi wa kambi ya Lukole, akilima kibarua kwenye migomba ya Pancras. Mwaka 1996, katika kuvuka mto Ruvubu, alipotezana na binti yake Nice, mtoto wa miaka mitano. Alimtafuta miaka kumi na mmoja. Mara mbili aliletewa binti asiye wake. Yule wa pili alikuwa amefundishwa cha kusema, hadi rangi ya mbuzi wa nyumbani. Pancras ndiye aliyemwandikia barua pepe kwenda kambi za Kibondo, kwa katekista mmoja aitwaye Havyarimana, na kila Jumamosi Véronique alikuja kuuliza jibu.

Alikuwa na namna yake ya kuuliza. Alisimama mlangoni na kusema, "Hodi. Nimekuja kuomba moto."

Kwao na kwetu jambo hilo ni moja. Jirani ambaye moto wake umezimika huja asubuhi na konzi ya nyasi kavu. Humuulizi anataka kupika nini, wala huhesabu makaa. Moto ukigawiwa haupungui.

Pancras alikuwa akicheka, anafungua kompyuta, wanatazama pamoja. Hakuna barua. Jovitha anampa muhogo, anarudi kambini kabla ya jua kuwa kali.

Hayo yalikuwa ya wakati ule intaneti ilipokuwa na bei moja kwa mwezi, utumie usitumie.

* * *

Mwenye intaneti alikuwa Sostenes Shibuda, fundi kutoka Biharamulo. Shirika lilipofunga ofisi, wengine walinunua maturubai na magodoro; yeye alinunua dishi la intaneti. Akalisimika nyuma ya nyumba yake hapo Kasulo, akafunga antena kwenye mapaa manane, akawa mtu mkubwa.

Siku hiyo alikuja na karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, fundi."

"Sikai. Nimeleta habari njema. Kuanzia tarehe mosi kila mtu atalipia anachotumia. Megabaiti mia moja kwa mwezi. Zikiisha, unaongeza."

Pancras aliitikia kwa kichwa taratibu. Hakuwa mtu wa kubisha kabla ya kusikia mwisho.

"Ni haki tu, mzee," Sostenes akaendelea. "Wewe unasoma barua mbili tatu. Gesti kule wanatazama mpira mchana kutwa. Kwa nini mlipe sawa?"

Kwa kweli ilisikika kama haki. Pancras alisema hivyo.

Jovitha alikuwa akipukuchua maharage. Hakuinua kichwa. "Fundi, hiyo megabaiti ni kitu gani?"

"Ni kipimo, mama. Kama kilo."

"Nikitaka kuiona kwenye mizani?"

"Haionekani."

"Kwa hiyo mzigo hauonekani, na mizani iko kwako."

"Mfumo hauongopi, mama."

"Sijautaja mfumo."

Sostenes alicheka kidogo, kama mtu ambaye ameshafunga mlango na funguo anazo yeye.

"Na barua ikija yenyewe," Jovitha akauliza, "sijaiita, sijui hata imetoka wapi?"

"Ukiipokea, imehesabiwa kwako."

"Yaani mgeni aje bila kualikwa, na nauli yake nilipe mimi."

"Mama Adelfina ana maneno," Sostenes akamwambia Pancras, na Pancras, kwa aibu yake, akacheka naye.

* * *

Kwenye kona ya kioo cha kompyuta kikatokea kisanduku chenye namba nyekundu. Mia moja.

Pancras alikuwa mtu wa utaratibu. Alifungua barua alfajiri, akasoma haraka, akafunga. Wiki ya kwanza alitumia saba tu, akajisifu mezani. Jovitha alimtazama kama unavyomtazama mtu anayejisifu kwa kula kidogo kwenye msiba.

Wiki ya pili aliiacha mashine inawaka akaenda kuoga. Aliporudi, namba nyekundu ilikuwa imeshuka kwa sabini.

Alikwenda kwa Sostenes na taulo bado shingoni.

"Sabini, fundi. Sijagusa kitu."

Sostenes alitazama upande wake. "Mashine yako imejisasisha. Huwa zinafanya hivyo zenyewe."

"Nani aliyeiruhusu?"

"Hapo umuulize mwenye mashine." Akarudi kwenye kompyuta yake. "Ambaye ni wewe."

Tangu siku hiyo Pancras akawa mtu mwingine. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, kana kwamba megabaiti ni nzi. Adelfina, binti yao anayesoma Rulenge, alipokuja likizo ya siku mbili alikatazwa kuigusa. Paroko alipita kuuliza matokeo ya mitihani ya kidato cha nne, akaambiwa mtandao unasumbua. Paroko alitazama antena juu ya paa, akatazama kitambaa, akasema Mungu awabariki.

Pancras haombi tumpunguzie hapa. Anasema mwenyewe kwamba ubahili haukumjia kama mwizi wa usiku. Ulimjia kama karani, na kalamu sikioni, ukimwonyesha kwa upole kwamba ana haki.

* * *

Ijumaa ya wiki ya tatu, namba ilisoma tisa. Siku hiyo barua ya Kibondo ikafika.

Kwenye orodha aliona jina la Havyarimana na maneno manne: "Kwa mama Véronique. Fungueni." Pembeni palikuwa na alama ya viambatisho viwili. Megabaiti sita.

Sita, kwa barua. Pancras alielewa mara moja kilichotokea. Katekista hakujua kupiga chapa. Alikuwa ameandika kwa mkono, kurasa mbili, kama watu wote wa rika lake wanavyoamini barua iandikwe, kisha mtu wa ofisi akazipiga picha kwa kamera kubwa na kuzituma jinsi zilivyo.

Pancras alipiga hesabu. Alikuwa akingoja karatasi za lori la saruji kutoka Dar es Salaam, kama megabaiti nne hivi. Tisa toa sita, zinabaki tatu. Lori lingekwama Rusumo na yeye angepoteza mteja.

"Itasubiri tarehe mosi," alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake. "Ikiwa habari ni nzuri, haitaoza."

Akakirudisha kitambaa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi.

"Hodi. Shikamoo, Baba Adelfina. Nimekuja kuomba moto."

Jovitha alikuwa kisimani. Pancras alikuwa mlangoni, na mlango haukuwa mpana.

"Marahaba, Véronique. Leo moto umezimika."

"Umezimika kabisa?"

"Hakuna kitu. Hakuna barua."

Véronique alibaki amesimama. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo chenye kifuniko, kipya, cha milia myeusi.

"Basi Mungu amesema," akasema. "Kambi inafungwa, Baba Adelfina, unajua. Wanaobaki watahamishwa mbali, na sina nguvu ya kuanza kambi ya tatu. Nilijiambia Jumamosi hii ikiwa kimya, nijiandikishe kurudi Burundi. Malori ni Alhamisi."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Pancras anajua. Neno lilifika hadi kwenye meno.

"Ukivuka, huwezi kurudi tena kutazama?" ndilo alilouliza.

"Ukishavuka umevuka. Kadi ya ukimbizi wanaikata." Akamnyooshea kikapu. "Hiki ni cha Mama Adelfina. Mwambie moto wake ulinipasha miaka mingi."

Pancras alikipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

* * *

Jumanne karatasi za lori zikaingia. Karani wa Dar es Salaam, mtu ambaye hajawahi kulipia megabaiti maishani mwake, alikuwa ametuma karatasi ileile mara tatu ndani ya barua moja ili awe na uhakika. Tatu, na tatu, na tatu.

Namba nyekundu ikasoma sifuri.

Pancras aliitazama ile sifuri. Alikuwa ameibania barua ya mama aliyepotelewa na mtoto ili aipokee saruji mara tatu.

Hakumwambia Jovitha.

* * *

Alhamisi asubuhi walikwenda pamoja hadi barabarani. Jovitha alitaka kumuaga Véronique. Pancras alikuwa na safari ya kwa Sostenes, kuongeza megabaiti.

Malori yalipita saba, polepole, na watu wameketi juu ya mizigo yao. Kwenye la tatu Véronique aliinua mkono. Jovitha akapunga kanga yake hadi vumbi likamziba. Pancras alikuwa akitazama viatu.

"Una nini wewe?" Jovitha akamuuliza.

"Vumbi."

Kwa Sostenes walimkuta amekaa mbele ya kompyuta yake, chai mkononi.

"Mzee, karibu. Nilijua utakuja. Kumi?"

"Kumi."

Sostenes akabonyeza. "Zimeingia. Sasa uchukue na ile barua yako ya Kibondo, mzee, imelala hapa tangu Ijumaa. Inanijazia nafasi."

Nje, kuku wa Sostenes walikuwa wakiparua chini ya dishi.

Jovitha aligeuka taratibu. "Barua gani ya Kibondo?"

Pancras aliendelea kuhesabu pesa za Sostenes.

"Jumamosi ulimwambia nini Véronique?"

"Nilimwambia moto umezimika."

"Moshi unatoka kwenye paa zima, wewe unasema moto umezimika." Hakupaza sauti, Jovitha hana desturi hiyo. "Fundi. Umesema imelala hapa. Hapa wapi?"

"Humu, mama. Barua za wateja wote hushukia kwenye mashine yangu kwanza. Halafu kila mtu anaivuta kwake."

"Kwa hiyo ilishafika Kasulo Ijumaa. Ilishashuka kutoka mbinguni."

"Ndiyo."

"Na hizo megabaiti sita ni za kutoka humu hadi kwetu."

Sostenes alitazama dirishani. Kupitia migomba, paa la Pancras lilionekana vizuri. Hata nguo za Jovitha kwenye kamba zilionekana.

"Ni mfumo, mama."

"Hatua mia tatu," Jovitha akasema. "Mbuzi wangu huja hapa kila siku na hatozwi." Akamgeukia mumewe. "Na wewe hukuweza hata kutembea ukauliza."

"Sikujua kama iko hapa."

"Hukuuliza. Fungua, fundi."

"Hata hapa nikifungua inahesabiwa kwa mzee. Siwezi kuvunja—"

"Fungua."

Sostenes akafungua. Ukurasa wa kwanza ulijitokeza kuanzia juu, mstari kwa mstari, mwandiko wa katekista umelala upande kama mahindi baada ya upepo. Jovitha akasoma kwa sauti.

Havyarimana aliandika kwamba amempata Nice. Alilelewa na bibi mmoja wa Ruyigi aliyefariki mwezi uliopita, na kabla ya kufa bibi huyo alisema ukweli. Ruhusa ya safari imetoka. Jumamosi ijayo atamleta binti Lukole yeye mwenyewe. "Mwambieni mama asivuke. Akivuka, binti atakuta kambi tupu, na kwa Burundi hatujui tutamtafutia wapi. Najua ameshadanganywa mara mbili. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa pili nimeandika anayoyakumbuka binti mwenyewe, ili mama amtambue."

Jovitha alishika ukingo wa meza.

"Nifungue wa pili?" Sostenes akauliza. "Ni tatu nyingine. Zitabaki nne."

"Inatosha," Pancras akasema.

Mpaka leo Pancras husema ilikuwa haraka. Malori yalikuwa yameshapata nusu saa. Jovitha husema ameishi na mtu huyo miaka ishirini na mbili, na anaijua sauti yake ya haraka. Ile haikuwa ya haraka.

"Pikipiki yako, fundi," Pancras akasema. "Niwahi Kabanga mpakani."

Sostenes alikuna shingo. "Kabanga ni mbali, mzee. Mafuta, na tairi la nyuma—"

"Nayo ina mfumo?" Jovitha akauliza.

Sostenes akatoa funguo.

Jovitha alimfuata mumewe hadi nje. "Bibi yangu alikuwa akisema, ukimnyima mtu moto, siku ukijuta usimwite aje kuuchukua. Utaubeba mwenyewe hadi kwake, na ukikuunguza njiani umekuunguza. Nenda."

* * *

Pancras aliendesha kwa karibu saa mbili, na vumbi lote la Ngara mdomoni. Aliyapita malori mawili ya nyuma, mawili mengine. Alipofika Kabanga lile la tatu lilikuwa limesimama chini ya kizuizi, injini inanguruma, na karani wa orodha, mwanamke aitwaye Restituta, alikuwa akisoma majina. Pancras alimfahamu, maana mwanamke huyo aliwahi kufanya kazi Rusumo.

"Véronique wa Lukole," Pancras akasema. "Hapaswi kuvuka."

"Nani kasema? Wewe ni nani yake?"

"Mtoto wake amepatikana."

Restituta alimpima kuanzia viatu hadi nywele. "Kila Alhamisi kuna mtu anayekuja hapa mtoto wake amepatikana. Hiari ni yake, si yako. Akisema mwenyewe anashuka, nafuta jina. Kizuizi kikishainuliwa, mimi sina neno tena."

Véronique alikuwa tayari amesimama kwenye ngazi ya nyuma ya lori, furushi kichwani, tayari kuitika, maana jina lake ndilo lililofuata. Alimwona Pancras. Hakutabasamu.

"Baba Adelfina. Umefuata kibarua?"

"Véronique, moto upo."

"Ulisema umezimika."

Watu ndani ya lori waligeuka kusikiliza. Mzee mmoja alitoa kiko mdomoni.

Pancras alivua kofia. "Nilikudanganya. Barua ilifika Ijumaa, wewe ukaja Jumamosi. Sikuifungua kwa sababu ilikuwa nzito na nilitaka kubakiza. Nice yu hai. Havyarimana anamleta Lukole keshokutwa. Amesema usivuke."

Mtu mmoja akaguna. Wanawake wawili wakatazamana.

Véronique alilishusha furushi kichwani, akaliweka kwenye nyonga. Uso wake haukubadilika. Mtu aliyedanganywa mara mbili uso wake umeshazoea kungoja.

"Leta hiyo barua."

"Iko kwenye kompyuta. Sina karatasi."

"Basi una mdomo wako tu. Uleule wa Jumamosi."

"Ndio nilionao."

"Vizuri. Siku ile mtoni, kabla hatujaachana, nilimfunga Nice kitu mkononi. Yule msichana wa kwanza hakukijua. Wa pili alisema ni shanga, akakosea. Kama huyu ni mwanangu, atakuwa amekisema. Barua inasema ni nini?"

Pancras aliigeuza kofia mikononi.

"Imeandikwa ukurasa wa pili," akasema.

"Na ukurasa wa pili unasemaje?"

"Sikuufungua."

Dereva alipiga honi mara moja, fupi. Restituta aliigonga kalamu yake kwenye orodha.

Véronique alimtazama Pancras jinsi mtu anavyotazama ndani ya chungu alichoambiwa kina chakula.

"Kwa nini hukuufungua?"

Pancras angeweza kusema haraka. Lori lilikuwa hapo, vumbi lilikuwa hapo, kila kitu kingemshuhudia.

"Nilikuwa nabakiza," akasema.

"Na umebakiza kiasi gani?"

Alikijua kiasi hicho. Katika vitu vyote vya siku ile, hicho ndicho alichokuwa na hakika nacho.

"Saba."

"Saba," Véronique akarudia, bila hasira, kama anayekariri bei ya kitu ambacho hatakinunua.

"Mama," Restituta akasema, "kizuizi kinainuliwa. Unapanda au unashuka?"

Véronique aliinua mguu mmoja kutoka kwenye ngazi ya chuma. Lori likaanza kutikisika, na Pancras, aliyekuwa na megabaiti saba mfukoni, hakuwa na neno hata moja la kumwambia autue upande gani.